Mvuke Usio na Moto

Kwa Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai juu ya sigara za kielektroniki, ambazo vijana huzivuta kwa kudhani kwamba, maadamu hazina moto wala majivu, basi hazina madhara. Yaliyotokea Marekani mwaka 2019 yanatosha kuwa hoja: watu wenye afya waliovuta sigara hizo, aghalabu vijana, walifikishwa hospitali wakitweta, wakikohoa na kutapika, na hata ilipofika Februari 2020 waliolazwa au kufa walihesabiwa 2,807, na miongoni mwao 68 walikuwa wamekwisha fariki. Majimaji yaliyotolewa mapafuni mwa wagonjwa yalipopimwa, ilikutwa asetati ya vitamini E, mafuta mazito ambayo wauzaji wa magendo waliyachanganya na kiini cha bangi cha kuvutwa kwa sigara hizo ili kukizidisha. Ngozini hayana dhara, lakini yakivutwa kwa mvuke huangamiza mapafu.

Nikotini nayo, ijapokuwa imefichwa katika harufu tamu ya embe, humtia kijana uraibu upesi, ilhali ubongo wake hautimii mpaka umri wa miaka 25 hivi. Nawasihi wazazi wavitazame vema vile vidude vya rangi, vilivyo mfano wa kalamu, mikobani mwa watoto wao, na wenye maduka waache kuwauzia.

Wasalaam,
Msomaji wako, Mombasa