Kielelezo cha Kompyuta na Mkono wa Mtoto

Siku hizi kompyuta yaweza kupewa picha ya samaki nayo ikatoa kielelezo cha kufumia utepe kwa kadi. Wako walimu wanaoona kwamba hapo kazi ya darasani imekwisha: mtoto apewe karatasi, afuate. Sisi hatukubaliani nao.

Kadi hiyo ni mraba wa karatasi ngumu wenye matundu manne pembeni, na kila tundu hupitishwa uzi wa mtande. Kadi zikigeuzwa robo mzunguko, nyuzi hupishana, nafasi hufunguka, na mshindio hupitishwa. Ufumaji huu ni wa kale. Katika merikebu ya Oseberg, iliyozikwa Norwe mwaka 834 na kufukuliwa 1904, vilikutwa vibao 52 vya namna hiyo vikiwa bado na nyuzi zake.

Programu huigawa picha katika miraba, safu moja kwa kila kadi. Mraba wenye giza huwa uzi mweusi, wenye nuru huwa mweupe. Hilo ni jepesi. Ugumu uko katika uzi. Katika utepe wa nyuso mbili kila kadi ina nyuzi mbili nyeusi zilizo jirani na mbili nyeupe. Hugeuzwa mara mbili mbele, mara mbili nyuma, na rangi hubaki ile ile. Atakaye kuibadili hairudishi kadi nyuma, bali huiendeleza mbele mara mbili tena. Basi mraba mmoja wa picha ni mishindio miwili, wala haupungui.

Tuliwahi kuwapa watoto kielelezo kilichosahau kanuni hiyo. Samaki alitoka kama tope. Watoto wakailaumu mikono yao, nasi, twaona haya kusema, tukawaunga mkono. Kosa lilikuwa katika maagizo, na hakuna mtoto aliyefundishwa namna ya kulitambua.

Twashauri mtoto achore samaki wake mwenyewe katika karatasi ya miraba, safu 12, aandike maagizo ya kila kadi, kisha ampe mwenziwe ayafuate bila kuuliza neno. Mwenzi huyo ndiye kompyuta. Maboksi makuukuu yatatoa kadi 12, na nyuzi 48 si gharama kubwa. Kielelezo cha mashine kije baadaye, nacho kikaguliwe na mtoto huyo huyo, mraba kwa mraba, kabla uzi haujafungwa.