Maji yalifika wapi?

Ukitoka Kariakoo kwenda Magomeni kwa mwendokasi unavuka Jangwani kwa dakika chache, na hakuna hata kibao cha kukuambia kilichotokea bondeni hapo Desemba 2011. Mvua iliyoanza tarehe 20, siku 11 tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, ilikuwa kubwa kuliko zote jijini Dar es Salaam tangu 1954. Mto Msimbazi ulifurika, watu wakapanda juu ya mapaa, na zaidi ya 40 walikufa. Waathirika wakagawiwa viwanja Mabwepande. Wapo waliorudi bondeni, maana kibarua kiko Kariakoo na nauli ya kila siku haiokotwi.

Sasa Jangwani panajengwa daraja jipya na nyumba nyingi za bondeni zimebomolewa. Hatupingi, mradi huo ulichelewa. Ila zile kuta zilizobaki na mstari wa tope, ambazo mzee wa mtaa alikuwa akikuonyesha kwa kidole, nazo zimekwenda. Basi nguzo za daraja zichorwe kimo cha maji ya 2011, pamoja na mwaka, kwa rangi isiyofutika.

Halafu kuna waokoaji wasio na sare. Zimamoto na Msalaba Mwekundu wana kumbukumbu zao. Jirani hana. Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, machinga na wapita njia walianza kufukua kifusi kwa mikono. Tuliwaona kwenye simu zetu, tukawasifu, kisha tukarudi kupatana nao bei ya viatu.

Sifa hazimsaidii aliyechanwa na nondo. Kila ofisi ya serikali ya mtaa, kuanzia Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini, iwe na daftari la vijana wa kujitolea. Zimamoto wawafundishe kamba, huduma ya kwanza na, muhimu zaidi, wakati wa kutoingia majini. Wapewe buti, glovu, kofia ngumu na bima ya afya. Halmashauri inayokusanya ushuru Kariakoo haiwezi kukosa fedha za buti.

Na kila Desemba 20 tusiandae jukwaa wala mgeni rasmi. Vijana hao washuke bondeni na askari wa Zimamoto, wafanye mazoezi, kamba zikaguliwe, na mtu apige 114, namba ya dharura ya Zimamoto, kuona inapokelewa baada ya muda gani.