Samaki wa Umeme Si Mradi wa Makunduchi



Kuna maneno yanapita mabarazani kwamba anayetaka fedha za watalii anunue tangi la kioo, atie samaki wa umeme kutoka bara, kisha akae ahesabu viingilio. Wanaouza matangi wana na kiroja cha kuonyesha: nyaya mbili majini, spika nje, na samaki anasikika tik-tik-tik. Kiroja hicho ni cha kweli. Mradi ndio wa uongo, nami nakusihi usiuze mbuzi wako kwa ajili yake.

Samaki mwenyewe ni wa jamaa ya domodomo, yule anayevuliwa Ziwa Viktoria. Mkiani ana kiungo kinachotoa umeme mdogo sana, hata ukimshika huusikii. Usimchanganye na kambare wa umeme, anayeweza kupiga volti zaidi ya 300. Huyu wetu umeme wake ni wa kuonea: anautandaza majini, ngozi yake inahisi, naye anajua palipo jiwe, mdudu au mwenzake, hata gizani na kwenye tope. Mtaalamu Hans Lissmann wa Cambridge ndiye aliyeanza kutuonyesha habari hizi, mwaka 1951, kwa samaki mwingine wa Afrika. Ajabu ya Mungu, sikatai.

Lakini gizani, nimesema. Samaki huyu hutembea usiku. Mchana anajificha. Mtalii wako atalipa kiingilio aje kutazama kipande cha bomba kilicholala mchangani, na mkia unaochungulia.

Sasa tazama maji. Ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, na kadiri unavyokaribia pwani ndivyo yanavyoingia chumvi. Chumvi hupitisha umeme kwa wingi, ishara ya samaki inapotea pale pale. Umemlipia nauli ya boti uje kumtia upofu.

Kubwa zaidi ni hewa. Yule wa Kongo mwenye kidevu kama mkonga, anayependwa sana na wafugaji wa Ulaya, ubongo wake peke yake hutumia kama asilimia 60 ya oksijeni anayovuta. Wa binadamu hutumia kama 20. Pampu ikizimika, huyo hana akiba. Na nani hapa amesahau Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima gizani miezi mitatu? Jenereta la kumlinda samaki mmoja litakula mafuta kuliko duka lako.

Chakula anataka wadudu na nyungunyungu, wakiwa hai au wamegandishwa. Kwenye maweni yetu, utawachimba wapi kila siku? Na usidanganywe kwamba watazaana. Wataalamu wachache wamewazalisha baadhi yao kwa kuiga msimu wa mvua ndani ya tangi. Hao wa sokoni karibu wote wamevuliwa mtoni. Ukiweka wawili mahali padogo, mwenye nguvu humsumbua mwenzake mpaka anakufa. Kwa hiyo kila anayekufa unamnunua upya, na muuzaji analijua hilo vizuri.

Aliyekwisha kutoa arbuni, mwambie muuzaji alete samaki wake hapa Makunduchi, amtie kwenye maji ya kisima chako, amlishe mwenyewe siku 30. Akikataa, dai fedha yako mbele ya sheha.