Hawakuniuliza Nani Alikuwa Mchoyo



Wiki hii nimesoma kurasa kumi na mbili zilizoandikwa na wanafunzi wanaojifunza Kiswahili katika chuo kidogo cha Kikatoliki. Darasa lao linakaribia kuhitimu, na kila mmoja aliombwa amweleze mwenzake mmoja ili kurasa hizo zikusanywe katika kijitabu cha kumbukumbu. Sarufi ilikuwa safi, na upatanisho wa ngeli haukunipa kazi kubwa. Hata hivyo, nilipofika ukurasa wa tano nilirudi nyuma kuhakikisha kwamba sikuwa nikisoma ukurasa uleule mara ya pili. Wahitimu wote kumi na wawili ni wachangamfu, wakarimu na wenye bidii, na kila mmoja wao ni rafiki wa kweli. Tukiyafuta majina na kuyapanga upya kwa kura, hakuna atakayelalamika.

Najua mlitaka kuwatendea wenzenu wema. Nami nasema, kwa heshima, kwamba wema huo haukuwafikia. Sifa inayomfaa kila mtu haimhifadhi mtu yeyote. Ili mnielewe, naomba twende pamoja hadi pwani ambayo huenda wengi wenu hamjapata kuisikia ikitajwa darasani.

Kusini mwa mji wa Kismayu, nchini Somalia, kuna mlolongo wa visiwa vidogo unaoambaa na pwani kuelekea mpaka wa Kenya. Miongoni mwake ni Koyama, Chovai na Chula. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia ambao zamani walisifika kwa kumnasa kasa kwa kumtumia samaki aitwaye chazo: samaki huyo hufungwa kamba, huachiwa majini, naye hujibandika kwenye gamba la kasa mpaka wote wawili wavutwe chomboni. Lugha yao ni mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Pale sisi tunapotamka t, mara nyingi wao hutamka ch. Ndiyo maana ramani nyingine huandika Tula na nyingine Chula, na ndiyo maana Mbajuni akihesabu, tatu yake ni chachu. Msicheke, nami nilidhani anazungumzia mkate.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Kismayu, lililokuwa sehemu ya koloni la Kenya, na Wabajuni wakajikuta wamegawanywa na mpaka: wengine upande wa Kismayu, wengine upande wa Kiunga, Faza na Lamu. Baada ya Kisomali kupewa maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, mtoto wa Kibajuni alisoma kwa Kisomali shuleni, akasoma Kurani kwa Kiarabu chuoni, kisha akarudi nyumbani kusema lugha ya mama yake, ambayo haikuwa na daftari.

Nimetaja chuo kwa makusudi. Ninyi mnalijua neno hili kwa maana ya taasisi ya elimu ya juu. Katika Kiswahili cha pwani, chuo ni kitabu tangu zamani, na pia ni mahali ambapo watoto hufundishwa Kurani. Nalo neno kuhitimu, ambalo mtaliandika kwenye kadi za mwaliko, linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri. Mtoto aliyehitimu alikuwa ameisoma Kurani mpaka mwisho. Kutoka mzizi huohuo tumepata hitima, kisomo kinachosomwa kwa ajili ya marehemu. Siku ya kuwaaga wahitimu na siku ya kuwakumbuka waliofariki zinashiriki neno moja. Sijapata kulifundisha jambo hili bila darasa kunyamaza kidogo.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Wabajuni walikuwa jamii ndogo, isiyo na wanamgambo wa kuwalinda. Waliporwa, wakauawa, na wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua. Baadhi yao waliishi miaka kadhaa katika kambi za wakimbizi karibu na Mombasa, Jomvu ikiwa mojawapo. Katika nchi iliyopoteza dola, rejesta za shule, vyeti na picha za ukutani vilipotea pamoja na mengi mengine. Watu waliosoma darasa moja walijikuta mmoja yuko Mombasa, mwingine Yemen, mwingine Ulaya, na hakuna ofisi inayoweza kuthibitisha kwamba waliwahi kukaa dawati moja.

Nina jirani hapa ughaibuni, mzee wa Kibajuni, aliyemaliza shule Kismayu katika miaka ya 1970. Walikuwa wavulana kumi na mmoja. Picha waliyopigwa siku hiyo aliiacha ukutani alipokimbia. Nilipomweleza juu ya kijitabu chenu, aliniuliza kama angeweza kunipa mfano. Hakuanza na majina wala hakusema nani alikuwa wa kwanza darasani. Alianza hivi: “Kulikuwa na mmoja hukuazima kalamu kwa moyo mkunjufu, kisha ukiwa katikati ya sentensi anaidai.” Huyo, alieleza, ndiye aliyekuja kuwa nahodha, na mabaharia wake walimlalamikia kwa jambo lilelile.

Akaendelea. Mwingine aliyajua maji kuliko saa ya ukutani. Bahari ilipoanza kujaa, angeinuka kimya kimya akatoka, na mwalimu akatambua kwamba kipindi kimekwisha. Mwingine walimwita kwa jina la upepo wa kusi, kwa kuwa alipoingia darasani kila karatasi iliruka. Mmoja aliwanong’oneza wenzake majibu sahihi, lakini alipoulizwa yeye alikuwa bubu. Na mmoja alikuwa mchoyo. Mzee alilisema hili kwa upendo usiofichika. Mchoyo yule alikula tende zake akiwa amewageuzia wenzake mgongo, huku akihesabu kokwa kwa sauti ili asidhulumiwe na mkono wake mwenyewe.

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Ndipo mzee akaniambia habari ya mahojiano yake ya kuomba hifadhi, miaka mingi iliyopita. Aliombwa ataje visiwa kwa mfuatano, ataje koo, aeleze safari ya mashua kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Alijibu yote. Ofisa akamwambia kwamba majibu hayo yanaweza kukaririwa na mtu yeyote. “Ni kweli, mwalimu,” alisema mzee. “Majina ya visiwa yanakaririka. Hawakuniuliza nani alikuwa mchoyo.”

Tuwe waadilifu: shaka ya maofisa ina chanzo chake. Kiswahili husemwa na mamilioni ya watu wasio Wasomali, na si rahisi kwa mgeni kumtambua Mbajuni wa Chula na msemaji wa Kiswahili kutoka kwingineko. Nchini Uingereza, mwaka 2004, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi kuhusu Wabajuni ambao kiini chake kilikuwa uwezo wa kusema Kibajuni. Sidai kwamba mahakama zianze kupokea porojo za darasani kama ushahidi. Nadai jambo dogo zaidi: orodha ya visiwa ni elimu kuhusu mahali, ilhali habari ya kokwa za tende ni alama ya mtu aliyekuwapo. Raia ambaye dola yake imeanguka hubaki na mashahidi wa aina hii ya pili peke yake, yaani wale waliomtazama kwa makini alipokuwa kijana asiye na cheo.

Wapo watakaopinga kwamba adabu yetu inatutaka kusitiriana, na kwamba kumtaja mwenzako kwa uchoyo ni kumvunjia heshima. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Lakini tutofautishe kasoro na aibu. Aibu ya mtu ni siri yake, na mwenye kuitoa hadharani amekosa. Kasoro ndogo inayojulikana na darasa zima ni kama kovu kwenye kidevu: mwenyewe hulicheka, na mama yake humtambua kwalo. Kama hamna hakika ni ipi, muulizeni mwenyewe kabla ya kuchapisha. Hilo ni suala la haki yake, wala halihitaji falsafa.

Aprili 2 mwaka 2015, magaidi wa al-Shabaab walivamia chuo kikuu mjini Garissa, mashariki mwa Kenya. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Katika siku za mwanzo idadi iliyotangazwa ilikuwa 147, na Wakenya wakaanza kusema mitandaoni kwamba 147 si nambari tu. Waliweka majina na picha, na wenzao wakasimulia waliwajua vipi. Wale vijana walikuwa hawajafika siku ya kuhitimu, na waliowaeleza hawakuwa wamejiandaa kuandika. Waliandika walichokuwa nacho, yaani yale waliyokuwa wameyaona kila siku pasipo kujua kwamba wanayahifadhi.

Sasa turudi kwenye kurasa zenu, na nipate kusema neno la mwalimu wa lugha. Mlitegemea mno vivumishi. Kiswahili kina kivumishi, ndiyo, ila nguvu yake imo katika kitenzi. Tazameni kiambishi hu-: “hucheka kabla hajamaliza kisa.” Hapo hakuna sifa wala lawama, na tayari mtu ameingia chumbani. Tazameni -ki- inayofuata “alikuwa”: “alikuwa akija kanisani amechelewa, akikaa nyuma, akiimba kuliko wote.” Mtu aliyesoma sentensi hii hahitaji kuambiwa kwamba mhusika ni mchangamfu, na mkimwambia mtamchosha. Yule mzee, ambaye hajawahi kufundishwa istilahi ya kiambishi, alitumia vivumishi kwa nadra mpaka alipofika kwa mchoyo.

Kwa hiyo nawarudishia kurasa. Kila mmoja aandike upya nusu ukurasa, bila kutumia maneno mchangamfu, mkarimu wala bidii. Andikeni mwenzenu hufanya nini mikono yake inapokosa kazi, hukasirishwa na nini, huondoka vipi mahali. Nitazipokea hadi Ijumaa, na nikishindwa kumtambua mhusika baada ya kuziba jina lake, nitaurudisha tena.

Nyongeza moja. Mlio makini mtakuwa mmehesabu na kuona kwamba sikuwaeleza wavulana wote kumi na mmoja. Mzee alinisimulia kumi, nami nimewapa watano. Yule wa mwisho hakumkumbuka, na jambo hilo lilimsumbua kuliko nilivyotazamia. Aliagana nami amenuna. Usiku, yapata saa nne, alinipigia simu. Hakunisalimu. “Mwalimu,” alisema, “yule alikuwa akikaa karibu na mlango. Jina lake silipati. Mvua ilipoanza kunyesha, yeye ndiye aliyeinuka kufunga.”