Cheo Kilichochongwa kwenye Shaba

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki kuzisoma picha za mabibi wa tabaka la juu, zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba huko Ulaya, kana kwamba ni vioo: mavazi yaonyesha cheo, na cheo chaonyesha heshima aliyopewa mwanamke. Usomaji huu hauna msingi, na mfano mmoja watosha kuuvunja.

Mwaka 1616 Simon van de Passe alichonga picha ya Matoaka, ajulikanaye zaidi kwa jina la Pocahontas. Amevaa kofia ndefu na ukosi wa kimia. Sikioni ana kipuli cha lulu, mkononi kipepeo cha manyoya ya mbuni. Maandishi ya Kilatini yanayoizunguka sura yake yamwita binti wa Powhatan, mfalme mkuu wa Virginia. Yale ya Kiingereza yaliyo chini yaongeza kuwa amebatizwa na kuolewa.

Waisifuo picha hii hudai kuwa Waingereza walimtambua kuwa sawa na mabibi wao. Hawaulizi ni nani aliyeigharimia fahari hiyo. Matoaka alitekwa na Waingereza mwaka 1613. Alipofika Uingereza mwaka 1616, aliletwa na Kampuni ya Virginia, iliyokuwa ikiwatafuta watu wa kuwekeza fedha katika koloni lake. Mwezi Februari 1617 John Chamberlain aliikejeli picha hiyo katika barua, akitaja kwamba Kampuni hiyo fukara ilimpa bibi huyo pauni 4 kwa wiki za kumkimu. Mtu wa zama zile aliliona lile ambalo mhakiki wa leo hataki kuliona.

Cheo hapa, basi, si sifa ya mtu; ni hoja. Baba akiitwa mfalme mkuu, naye binti akiwa Mkristo na mke wa Mwingereza, unyakuzi wa ardhi huonekana kama urithi halali. Na maadamu bamba moja hutoa nakala nyingi, hoja hiyo iliweza kuenea kuliko picha moja ya rangi iliyotundikwa ukutani.

Wako watakaosema kwamba macho yake makavu yatetea utu wake. Macho hayo yalichongwa na mkono wa van de Passe. Sisi wa fasihi tuyasome pia maneno: humo Matoaka ni binti, ni mwongofu, ni mke, kauli yake mwenyewe haimo. Alifariki Gravesend, Machi 1617. Mhakiki aliitaye pambo hilo heshima angali anaifanyia Kampuni kazi yake.