Si Kazi ya Mama Peke Yake

Najua wengine watacheka wakiona mwanafunzi wa kiume ameandika juu ya mimba na tumbako. Na wacheke, lakini wasome hata mwisho, maana habari hii yatuhusu sisi wavulana zaidi ya tunavyodhani.

Hapa kwetu Nkanka, kando ya Ziwa Kivu, wanawake wavutao ni wachache kuliko wanaume. Kiko ni cha mabibi wazee. Mwanamke kijana avutaye huvuta kwa siri kwa kuogopa maneno ya watu. Aibu hiyo haimponyi. Akiwa na mimba na kuulizwa na mwuguzi, hujibu kwamba havuti, akarudi nyumbani bila shauri wala msaada.

Hasara yake yajulikana. Moshi wa tumbako una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huishika damu na kuchukua mahali pa oksijeni. Nikotini nayo huibana mishipa ya damu. Basi mtoto aliye tumboni hupungukiwa na hewa na chakula. Aweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au na uzito chini ya kilo 2.5, au hata kufa. Jambo hili si geni: tangu mwaka 1957 daktari Winea Simpson wa California alieleza kwamba mama wavutao sigara huzaa watoto njiti mara nyingi zaidi.

Watu husema, “Basi mama aache!” Kusema ni rahisi. Mama maskini alimaye mashamba ya watu kwa kibarua huenda hana pumziko jingine ila kiko chake. Tena tumbako huukamata mwili. Aiachaye huona hasira na kukosa usingizi. Hata hivyo wengi huacha kwa ajili ya mtoto.

Taabu kubwa zaidi huja baada ya kuzaa. Watu hudhani kazi imekwisha. Mtoto alia usiku, mama amechoka, na mume yu karibu naye awasha sigara. Namjua jirani mmoja ambaye hakugusa kiko miezi yote ya mimba, akakirudia kabla mtoto hajaanza kutambaa. Alipoacha hakuna aliyemsifu. Alipokirudia wote walimsema.

Mjini Glasgow, katika Uskoti, walijaribu njia nyingine kwa wanawake 612 wenye mimba waliokuwa wakivuta sigara. Nusu walipewa msaada wa kawaida. Nusu ya pili walipewa msaada ule ule, na juu yake wakaahidiwa hati za kununulia vitu dukani, hadi paundi 400, kama wataacha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: karibu na mwisho wa mimba, katika kundi la kwanza walikuwa wameacha 26, na katika la pili 69. Sisemi tugawe fedha. Nasema kwamba mama huacha akitegemezwa, si akikaripiwa.

Sisi nasi tuna njia zetu. Katika vijiji vyetu wamo washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mwenye mimba aulizwe juu ya tumbako, na juu ya moshi wa watu wengine pia. Mimi naongeza: baba naye aulizwe, tena aulizwe hata baada ya mtoto kuzaliwa. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2013 yakataza kuvuta mahali pa watu wengi, lakini haiingii chumbani. Huko mwenye kuizima sigara ni mume.

Wavulana wenzangu, wengi wetu tutakuwa baba, na ninyi mliomaliza shule zamani wengine mmekwisha kuwa. Asiyeanza hana la kuacha, basi tusianze. Aliyeanza na aache siku moja na mkewe, wala asiwashe tena mtoto akiisha zaliwa. Na mama akiteleza asichekwe, bali asaidiwe kuanza upya. Kidole kimoja hakivunji chawa.