Ujamaa Si Matibabu ya Bure Tu

Mwaka 1912 Eugene Debs aligombea urais wa Marekani akitaka reli, migodi na viwanda vikubwa viwe mali ya umma. Wapiga kura wapatao 900,000 walimwunga mkono. Mwaka 2015 Bernie Sanders, ajiitaye mjamaa, alitamka wazi kwamba haamini serikali imiliki njia kuu za uchumi. Alidai matibabu kwa wote na vyuo vikuu vya umma visivyo na ada. Madai hayo ni ya haki, na mabepari huyaita ukomunisti ili kuwatisha wavujajasho. Lakini kutibiwa bure hakumwondolei mfanyakazi unyonyaji. Maadamu kiwanda ni cha bepari, jasho litamtoka mfanyakazi na faida itaingia mfukoni mwa bepari. Ubepari uliotiwa kiraka ungali ubepari.